Mume wangu anataka tuendeshe usiku kutoka Dar hadi Rombo na watoto watatu

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Goba, Dar es Salaam, na ndoa yangu imetimiza miaka minane. Binti yangu wa kwanza ana miaka sita, wa pili ni wa kiume na ana miaka minne, na wa mwisho ana miezi tisa, bado ananyonya. Mume wangu ni Mchaga wa Rombo na mimi ni Mzigua, kwetu ni Korogwe. Ninakuandikia wakati watoto wamelala na baba yao hajarudi kutoka kazini, kwa sababu jambo hili nikilizungumza mchana linageuka ugomvi kabla sijalimaliza.

Kama unavyojua, Desemba ikifika Wachaga hurudi kwao, na majirani zetu hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Mimi mwenyewe sina tatizo na kwenda. Ninaipenda Krismasi ya kule, baridi ya asubuhi kihambani, watoto wakikimbizana migombani na binamu zao, ndafu, mtori, na wakwe zangu walinipokea vizuri tangu siku ya kwanza. Tatizo langu ni njia, au niseme, ni namna tunavyoipita hiyo njia.

Mume wangu hupata likizo tarehe 23, na jioni hiyohiyo akitoka kazini anaoga, tunapakia, na saa tatu usiku tunaondoka. Anasema usiku watoto wanalala, hakuna jua, hakuna trafiki wa tochi, na barabara ni nyeupe. Mwaka jana tulikuwa watu sita ndani ya Noah: sisi wawili, watoto wawili, dada wa kazi na shemeji yangu. Nyuma kulikuwa na gunia la mchele, ndoo mbili za mafuta ya kula na sukari, na kwa kuwa buti ilijaa, mizigo mingine iliwekwa sakafuni, watoto wakakaa miguu juu ya mabegi kama vifaranga kwenye tenga. Mimi nilikuwa na ujauzito wa miezi saba. Tulipita njia ya Bagamoyo, na kabla hatujafika Msata binti alikuwa ametapika mara mbili, mara ya pili kwenye khanga yangu. Tulifika Rombo saa nne asubuhi, yaani baada ya saa 13.

Kuna mambo mawili ya safari ile ambayo sijamwambia mtu.

La kwanza ni kwamba baada ya kupita Hedaru, ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, nilisikia tairi za kushoto zinashuka kwenye changarawe. Nikageuka, nikamwona mume wangu kidevu kimegusa kifua. Nilimpiga bega kwa nguvu, akashtuka, akarudisha gari barabarani. Mita chache mbele yetu kulikuwa na matawi ya miti yamewekwa barabarani, na baada ya matawi kulikuwa na lori limeharibika, halina taa hata moja. Alisimama, akanawa uso kwa maji ya watoto, akaniambia, "Mama watoto, hili lisifike nyumbani." Shemeji alikuwa amelala. Halijafika nyumbani mpaka leo, na sisi wenyewe hatujawahi kulizungumza tena.

La pili ni langu. Jirani yangu alinishauri kwamba nikitaka amani njiani nimpe mtoto dawa ya mafua, ile ya maji inayoleta usingizi. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu na hakuwa na mafua. Nilimpa kabla hatujaondoka, na tulipofika Mkata nikampa tena kidogo. Alilala mpaka Same. Matuta hayakumwamsha, wala kelele za dada yake akitapika. Usiku mzima nilikuwa naweka kidole chini ya pua yake kuhakikisha anapumua. Mume wangu anajua tu kwamba mtoto alilala vizuri, na hutumia jambo hilo kama ushahidi kwamba usiku ndio wakati wa kusafiri na watoto.

Mwaka huu mama mkwe anasubiri kumwona mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Hakuweza kuja nilipojifungua kwa sababu baba mkwe miguu haina nguvu na haachwi peke yake. Nimependekeza tupande ndege mimi na watoto, mume wangu akasema nauli ya Desemba ya watu wote hao inaweza kupaua chumba. Nimependekeza tulale gesti Mombo, akasema fedha ya gesti ni nusu ya mbuzi. Nimependekeza tununue kiti cha mtoto cha garini, akacheka, akasema wao walisafiri wakiwa wamepakatwa ndani ya basi, saba kwa baba mmoja, na hakuna aliyekufa. Korogwe hatuwezi kulala kwa sababu anasema mwanamume wa kwao halali ukweni. Huwa tunasimama kwa mama kama dakika kumi, injini ikiunguruma, mama anatusubiri kando ya barabara saa nane za usiku na kikapu chake cha machungwa, halafu tunaendelea.

Nikisema siendi, nitaonekana nimemnyima mama yake mjukuu. Nikienda, nitakuwa nimewapandisha watoto wangu kwenye gari ninalolijua. Mume wangu ni mtu mwema, Mshauri. Hanywi akaendesha, akishaonja kata moja ya mbege, funguo ananipa mimi au kaka yake. Lakini kwenye jambo hili naona anapima heshima ya kwao kuliko uhai wa watoto wetu. Je, nina haki ya kukataa?

Mama wa Watatu, Goba

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na pole zaidi kwa miezi yote 11 uliyoubeba peke yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeona kwamba swali uliloliandika mwishoni ni dogo kuliko barua yenyewe. Unauliza kama una haki ya kukataa. Haki unayo, hakuna mtu atakayekubeba kwa nguvu akakutia garini. Lakini ninavyokusoma, hutaki kukataa. Unataka kwenda Rombo, unataka mama mkwe ampokee mjukuu wake mikononi, na unataka wote mfike mkiwa hai na bila siri. Shida ni kwamba kila pendekezo ulilolitoa limejibiwa kwa hesabu ya fedha au kwa utani, na wewe kila mara umerudi nyuma, kwa sababu sababu yako ya kweli, ile ya Hedaru, uliahidi kuizika. Unajadiliana na mumeo ukiwa umefungwa mkono mmoja.

Niruhusu nikuulize jambo kuhusu sentensi yako kwamba anapima heshima ya kwao kuliko uhai wa watoto. Je, una hakika? Katika barua hiyohiyo umeniambia juu ya mwanamume ambaye akionja kata moja ya mbege anatoa funguo mfukoni na kumpa mwingine. Mtu asiyejali uhai hafanyi hivyo, hasa Krismasi, hasa mbele ya kaka zake. Mimi naona mtu anayejali sana hatari anayoijua, na asiyeihesabu kabisa hatari asiyoijua. Pombe kwake ni hatari. Usingizi kwake ni uvivu, ni kitu cha kunawa uso na kuendelea.

Hebu tufanye hesabu ya siku yake ile. Mtu anayeishi Goba na kufanya kazi mjini huamka, tuseme, saa 11 alfajiri. Akafanya kazi siku nzima, tena siku ya kufunga mwaka ambayo ofisi nyingi huwa ni vurugu. Akarudi katika foleni, akapakia gunia la mchele, akashika usukani saa tatu usiku. Ilipofika saa kumi na nusu pale mbele ya Hedaru, alikuwa amekaa macho kwa muda wa saa 23 na nusu. Wataalamu wa usingizi wamepima jambo hili kwa miaka mingi, na wanachokiona ni kwamba mtu aliyekesha saa 24 huchelewa kuona, kuamua na kukanyaga breki kama mtu aliyekunywa kupita kiwango kinachoruhusiwa kwa dereva katika nchi nyingi, yetu ikiwamo. Tena saa za kati ya nane usiku na kumi na mbili asubuhi ndizo ambazo mwili wa kila binadamu, hata aliyezoea zamu, hudai kulala. Maji ya uso, muziki wa sauti kubwa na dirisha lililofunguliwa havirudishi kitu. Kwa hiyo, kwa kipimo chake mwenyewe, yule mwanamume ambaye hangekubali kukuendesha akiwa ameonja mbege alikuendesha akiwa amelewa, wewe ukiwa na mimba ya miezi saba, na hakujua. Nadhani ukimweleza kwa njia hii, hutakuwa unamshutumu. Utakuwa unalitumia neno ambalo yeye mwenyewe analiheshimu.

Usiidharau hata hivyo hoja yake ya usiku, maana ina ukweli ndani yake, na mtu ambaye ukweli wake umekataliwa wote hushikilia na makosa yake. Anayeijua nyika ya Mkomazi, Hedaru na Makanya mwezi wa Desemba saa nane mchana anajua jua lile lilivyo, na mtoto wa miezi tisa ndani ya gari lenye kiyoyozi kibovu atateseka kweli. Ni kweli pia kwamba watoto hulala usiku. Lakini kuna kitu kati ya saa tatu usiku na saa nane mchana, nacho ni alfajiri. Mtu akilala mapema, akaondoka Goba saa 11 alfajiri mwili umepumzika, anakuwa amevuka Segera kabla jua halijawa kali, watoto wanamalizia usingizi wao njiani, na mwanga upo wa kumwonyesha lori bovu kabla ya matawi. Hii inamaanisha kuondoka tarehe 24 badala ya 23. Anapoteza usiku mmoja Rombo. Kwake huenda huo ni mkubwa kuliko unavyodhani, kwa hiyo usiupite haraka. Muulize ni nini hasa kinachofanyika asubuhi ya tarehe 24 kule nyumbani ambacho hataki kukikosa. Inawezekana kuna zamu ya kuchinja, au kikao cha kaka, au ni kuona tu gari lake likiwa miongoni mwa ya kwanza kuegeshwa uani. Sisi wanawake tulioolewa mbali mara nyingi huwa hatuulizi.

Sasa kuhusu kiti cha mtoto, ambacho kilichekwa. Hoja kwamba walisafiri wamepakatwa na hawakufa huwa nasikia kila wiki, na huwa najibu kwamba waliokufa hawapo kwenye kikao cha familia kutoa ushahidi. Samahani kwa ukali huo, wewe usiitumie kauli hiyo kwa mumeo. Mwambie hivi: gari likisimama ghafla, hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ule wa vijijini, mtoto aliyepakatwa huwa mzito mara nyingi zaidi ya uzito wake, na hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika, hata mama awe na nguvu kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kiti kinachomfaa mtoto, kikitumiwa sawasawa, kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa hadi asilimia 71. Wa miezi tisa hukaa akitazama nyuma, na kamwe si kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa. Wale wakubwa wawili wanahitaji viti vya kuwanyanyua ili mkanda upite begani na nyongani, usipite shingoni na tumboni. Viti vya mitumba vinapatikana Dar es Salaam kwa bei ya chini kuliko vipya, ila kagua mikanda na plastiki kama haina ufa, na uliza kama gari kilimotoka liligongwa. Kisha kuna swali la nafasi. Viti vitatu vya watoto na gunia la mchele vinagombania gari lilelile, na hapo ndipo mtakapolazimika kuamua kama mchele utanunuliwa Himo badala ya kusafirishwa kutoka Dar, na kama shemeji atapanda basi. Hayo si maamuzi madogo katika familia. Mzigo wa kupeleka nyumbani ni salamu, na shemeji aliyeachwa ana mdomo.

Nije kwenye lile ulilosema ni lako. Umelieleza kwa ujasiri, na sitakuchapa kwa sababu naona umeshajichapa. Ila usilirudie. Dawa zile za mafua zenye kuleta usingizi hazikutengenezwa kwa ajili ya kumnyamazisha mtoto mzima wa afya. Zinaweza kupunguza upumuaji, kipimo kikirudiwa kwa kukisia kinaweza kuwa sumu, na kwa watoto wengine hufanya kinyume kabisa, mtoto akakesha akilia na kuruka. Kidole chako chini ya pua yake kilikuwa kinajua hilo. Kwa kuwa alitulia, tena bila madhara uliyoyaona, mshukuru Mungu na uiache pale.

Lakini ona kilichotokea baadaye. Mumeo anatumia usingizi ule wa mtoto kama hoja ya kusafiri usiku, na wewe unajua usingizi ule ulitoka kwenye chupa. Kwa hiyo kuna siri mbili ndani ya Noah ile, yake na yako, na zinalindana. Wewe huwezi kusema ya Hedaru bila kuogopa kuulizwa wewe ulifanya nini usiku ule, naye huwezi kumlaumu kwa kuamini jambo ambalo ulimwacha aliamini. Sikwambii ni lazima ukiri. Nakuuliza tu: itakuwaje ukianza wewe? Ukimwambia, "Baba watoto, nina jambo la mwaka jana linanisumbua, nilimpa mtoto dawa ili alale na niliogopa usiku kucha," unakuwa umefungua mlango ambao naye anaweza kuupitia bila kuaibika. Upo uwezekano akakasirika. Upo uwezekano akakurudishia kosa lako kila mtakapobishana. Wewe ndiye unayemjua. Mimi naona tu kwamba mtu aliyesema "hili lisifike nyumbani" alikuwa na hofu na haya, na huenda amechoka kuwa navyo peke yake.

Nimeacha kwa makusudi sehemu moja ya barua yako mpaka sasa. Umeandika karibu kurasa mbili juu ya Hedaru, dawa, ndege na gesti, na juu ya Korogwe umeandika sentensi mbili tu, tena mwishoni, kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza. Mama yako mzazi husimama kando ya barabara saa nane za usiku na kikapu cha machungwa ili awaone wajukuu zake kwa dakika kumi, injini ikiunguruma. Korogwe iko karibu katikati ya safari yenu, kwa sababu kutoka Dar hadi Moshi ni kilomita zipatazo 550, na pale mnakuwa mmekula karibu nusu. Dereva yeyote mwenye watoto akiangalia ramani atasema mahali pa kulala ni Korogwe. Wewe ulimtajia Mombo. Umependekeza kulipia kitanda mwendo mfupi tu mbele ya nyumba ya mama yako, na sidhani kama uliona ulichokifanya.

Nikiisoma hivyo, naanza kujiuliza kama uchungu wako wote ni wa usiku na usingizi, au kama sehemu yake ni kwamba kwa miaka minane safari hii imekuwa na mwanzo na mwisho, na kwenu pamekuwa kituo cha kununua machungwa. Sijui. Inawezekana nimekusoma vibaya, na mama yako alikaa nawe vya kutosha ulipojifungua. Lakini kama kuna ukweli hapo, ni vizuri uujue kabla hujaketi na mumeo, kwa sababu vinginevyo mtabishana juu ya saa ya kuondoka wakati moyo wako unabisha juu ya jambo jingine, naye ataona hoja zako hazishikiki.

Na mila ya kutolala ukweni? Siidharau. Makabila mengi yetu, na sidhani kama Wazigua ni tofauti, yana haya kati ya mkwe wa kiume na mama mkwe, na haya hiyo imelinda heshima ya watu wengi. Swali ni mila yenyewe inakataza nini. Je, inamkataza yeye kulala chini ya paa la mama yako, au inakukataza wewe na watoto pia? Kuna wanaume wengi ambao hulala gesti ya mjini, mke na watoto wakalala kwa bibi, na asubuhi mkwe anakuja kusalimia akiwa amenyoosha shati, anapewa kiti barazani, anakunywa chai, na hakuna mila iliyovunjika. Ni kitanda kimoja tu cha kulipia, na mbuzi anabaki na zaidi ya nusu. Mkiondoka Dar alasiri mapema mnaingia Korogwe kabla ya usiku kuwa mzito, na kesho yake saa 12 asubuhi mnaondoka, Same mnaipita kukiwa na ubaridi, na kabla ya saa nane mchana mko Rombo. Hatari ya njia hii ni kwamba mama yako ataandaa karamu, na mama mkwe wako atasikia kwamba Korogwe kulilaliwa na Rombo kulicheleweshwa. Mtu atakayemweleza mama mkwe anapaswa kuwa mwanawe, wala si wewe.

Ndege nayo usiifute kabisa. Saa moja angani, mkatua KIA, ni rahisi kwa mtoto mchanga, na mnaweza kugawana: wewe na mdogo mkaruka, mumeo akaja na gari, watoto wakubwa wakiwa kwenye viti vyao na shemeji akimsaidia macho. Ila fikiria: ukiwa umeshuka KIA, unalala usiku huo ukisubiri simu yake kutoka Same? Na kama ataendesha usiku uleule baada ya kazi, umejiokoa wewe na mtoto mmoja tu. Treni ya Moshi, iliyorudi mwaka 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, inawapendeza sana watoto, wanatembea, wanakwenda chooni, hakuna anayesinzia kwenye usukani. Lakini tiketi za Krismasi huisha mapema, mwendo ni wa usiku kucha, na Rombo hamfiki nayo, lazima mtu awapokee Moshi. Mabasi ni hivyohivyo, nauli hupanda na mtoto mmoja anaishia kupakatwa.

Kuna na njia ya kutokwenda Desemba, mkaenda Juni, mkubwa akiwa likizo ya shule, barabara ikiwa tupu na mvua za masika zimepita. Kwa watoto pengine ndiyo bora kuliko zote. Lakini baba mkwe miguu haina nguvu, na miezi sita kwa mzee ni mingi. Ukiichagua hii, iwe ni uamuzi wa wawili, na mpige simu ya video mumwonyeshe mtoto mapema, asije akasikia kwa majirani kwamba hamji.

Vyovyote mtakavyoamua, mambo machache ya njiani, maana binti yako anayetapika amenigusa. Mkalishe katikati, mahali anapoona barabara ya mbele, si kwenye kiti cha nyuma kabisa. Asile chapati na chai ya maziwa kabla ya safari. Mpe kitu kikavu kidogo, na maji kwa kunywa kidogokidogo. Asishike simu kutazama katuni, ndiyo inayomtibua. Simameni kila baada ya saa mbili, hata kama wamelala, kwa sababu mtoto mchanga hafai kukunjwa kitini muda mrefu, na dereva naye anahitaji kusimama. Kunyonyesha kufanyike gari likiwa limesimama, usimtoe kwenye mkanda gari likitembea hata alie vipi. Kilio cha dakika 20 mpaka kituo kinachofuata hakimdhuru, ingawa najua kinakukata wewe maini. Na mkishuka kula, shukeni naye. Gari lililofungwa juani linageuka tanuri kwa dakika chache.

Sijakwambia uende wala usiende, na sitakwambia. Ninachokiona ni kwamba kabla ya tarehe 23 una watu wawili wa kuzungumza nao, na mumeo ni wa pili. Wa kwanza ni mama yako. Mpigie, umuulize kama angependa mlale, na kama angemwonea haya mkwe wake au la, kwa sababu miaka minane umemsemea mumeo katika jambo hili, mila imesemewa, na yeye anayesimama barabarani na kikapu hakuna aliyemuuliza. Ukiniandikia tena, niambie alijibu nini.